Rivyu za sabufa: nitajuaje ipi inasema kweli kuhusu sauti?

Mleta uzi
Wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu masikio yamepungua, na raha yake kubwa ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwaka jana nilimnunulia sabufa baada ya kuangalia rivyu kama kumi. Wote waliisifu: "besi inagonga balaa", "sauti klia". Kufika nyumbani, vikombe vinacheza kabatini lakini mtangazaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Mzee akaomba turudishe sauti ya TV yenyewe. Iliniuma sana. Sasa nimejichanga tena, nina laki tatu. Kwenye rivyu niangalie nini?

FundiSpika
Pole mkuu. Wengi wa wanaorivyu wanajaribu kwa muziki wa amapiano, besi ikigonga wamemaliza. Lakini maneno yanaeleweka kwa herufi kama s, f, t na ch, ambazo nguvu yake iko juu, kuanzia kama Hz 2,000 (mitetemo 2,000 kwa sekunde) kwenda mbele. Uzee nao unaanza kula huko huko juu. Rivyu isiyokuwekea mtu anayeongea haikuhusu, hata iwe ndefu vipi. Na sauti ya kwenye video imepita kwenye maiki ya anayerivyu, ikabanwa na mtandao, ikatokea kwenye spika ya simu yako. Hapo unasikiliza simu.

DadaWaDuka
Ukisikia "wati 10,000 PMPO", ruka. PMPO, yaani nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua, haina kipimo kimoja, kila kiwanda kinajiandikia. Uliza RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Halafu wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio.

Msikilizaji
Mimi namwamini anayerivyu kwa kuweka sabufa mbili pamoja na kuzisawazisha sauti kwanza, maana inayopiga juu kidogo sikio huiona bora. Asiyetaja kasoro hata moja, video yake naifunga.

Mleta uzi
Asanteni sana. Nimeigeuza ya mzee sasa hivi: mbele 8,000W, nyuma umeme inaokula 60W! Jumamosi naenda naye Kariakoo, taarifa ya habari ya jana nimeiweka kwenye flashi. Besi nizime?

FundiSpika
Ishushe hadi mwisho, trebo (sauti za juu) pandisha kidogo. Mzee akae umbali ule ule anaokaa sebuleni. Akikusimulia habari aliyoisikia, lipa.