RSS: nitapataje fidi ya blogu isiyo na ile alama ya machungwa?

msomaji_wa_pwani
Wakuu, nafuatilia blogu kama 30, nyingi za WordPress na Blogspot, na chaneli kadhaa za YouTube. Facebook inaleta inachotaka yenyewe, kwa hiyo nataka kuhamia RSS (njia ya kupokea makala mpya za tovuti unazochagua mwenyewe ndani ya programu moja) kwenye simu ya Android. Blogu nyingi hazina alama ya fidi, yaani ya faili la makala mpya ambalo programu ya RSS hulisoma. Je, nitaipataje? Na bando litapona?

fundi_mitandao
Mkuu, alama ilishaondolewa kwenye blogu nyingi lakini fidi yenyewe ipo. Kwa WordPress, malizia anwani kwa /feed/. Ukitaka kategoria moja tu, fungua ukurasa wa kategoria hiyo kisha ongeza /feed/ hapohapo. Blogspot ni /feeds/posts/default, na kwa lebo moja ni /feeds/posts/default/-/Michezo (andika lebo kama mwenye blogu alivyoiandika, herufi kubwa kwa ndogo). Substack ni /feed. Medium ndiyo inawachanganya watu, maana neno feed linatangulia jina: medium.com/feed/@jina.

YouTube: youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= kisha namba ya chaneli, ile inayoanza na UC. Jina la @ halifanyi kazi hapo.

Ukikwama kabisa, andika view-source: mbele ya anwani kwenye Chrome, halafu tafuta ndani ya ukurasa maneno rss+xml au atom+xml. Anwani iliyo baada ya neno href kwenye mstari huo ndiyo fidi.

bando_kwanza
Programu ya kusomea RSS: jaribu Feeder. Ni ya bure, haihitaji akaunti. Fidi yenyewe ni maandishi matupu, na seva iliyopangwa vizuri ikiulizwa tena wakati hakuna jipya inajibu 304 tu bila kutuma kitu. Kinachokula bando ni picha. Ingia kwenye mipangilio, weka picha zipakuliwe kwa WiFi pekee. Halafu toa programu kwenye udhibiti wa betri, la sivyo simu itaizima chinichini na utaona makala mpya pale tu unapoifungua.

fundi_mitandao
Nyongeza hapo, kwa sababu hili watu hulisahau: fidi si ghala. WordPress isipoguswa hubeba makala 10 za mwisho tu, YouTube video 15. Tovuti ya habari inayotoa makala 40 kwa siku, ukiisoma mara moja kwa siku, 30 zimekupita na hutajua. Tovuti za namna hiyo weka programu izikague kila saa. Blogu ya makala moja kwa wiki, hata mara moja kwa siku ni nyingi. Kama simu yako hukaa bila mtandao muda mrefu, basi Feedly (huduma nyingine ya kusomea RSS) ina maana, kwa kuwa seva yao ndiyo inayokusanya, wewe ukija unakuta. Akaunti ya bure inapokea vyanzo 100, kwa hiyo 30 zako zinaenea.

msomaji_wa_pwani
Shukrani wakuu. Zimeingia, ila moja inaleta mistari miwili tu ya kila makala, nyingine inasema 403.

bando_kwanza
Ya mistari miwili: mwenye blogu amechagua kutoa muhtasari badala ya makala nzima. Kwenye Feeder hariri fidi hiyo peke yake, washa ile ya kupakua makala kamili. Usiiwashe kwa zote, hapo ndipo bando litaondoka.

403 maana yake seva imekataa programu yako, mara nyingi ni kinga dhidi ya roboti. Ifungue kwenye kivinjari: ikifunguka huko, anwani ni sahihi na mwenye tovuti ndiye wa kuruhusu njia ya /feed/ kwenye kinga yake. Mwandikie, wengi hawajui kama wamefunga. Wakati unasubiri ijaribu Feedly, wakati mwingine wao hupita.

Na kabla hujabadilisha simu, toa orodha yako kwa faili la OPML. Karibu kila programu ya RSS inalisoma.