Bendera ya Taifa la Tanzania: rangi ipi hukaa juu, na kwa nini ukanda umepita mshazari?

Mshonaji wa Tabata aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nilipewa kazi ya kushona bendera ndogo 12 za Taifa kwa ajili ya sherehe ya shule moja ya jirani. Leo asubuhi nilipozipeleka, mwalimu aliyezipokea alipitisha fimbo kwenye upindo wa bendera moja, akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba imepinduka na kunirudishia mzigo wote bila maelezo zaidi. Mimi sikuona kosa, kwa sababu ukanda mweusi ulikuwa unaanzia chini karibu na fimbo na kupanda kuelekea juu, kama ninavyouona kwenye bendera zote za ofisi za serikali. Naomba kuelimishwa, kosa liko wapi? Na kwa kuwa nimeshaingia katika jambo hili, ningependa pia kujua kwa nini rangi zetu zilipangwa mshazari badala ya kulazwa tu. Kwa fundi, mshazari ni adhabu: kitambaa kikikatwa hivyo huvutika, na ule ukanda mwembamba wa njano hutoka kwenye cherehani ukiwa na mawimbi kama bahari ya Feri.

Fundi Mstaafu, Kariakoo:

Dada yangu, naamini umeweka upindo wa fimbo upande wa buluu. Bendera yetu ina mtego mmoja: ukiigeuza chini juu, ukanda mweusi unabaki ukipanda vilevile, kwa hiyo ukiukagua ukanda peke yake utadhani mambo ni shwari. Kinachoamua ni pembetatu. Ya kijani hushika mlingoti kwa juu, na ya buluu hukaa chini, upande ule unaopepea. Fumua upindo, uuhamishie upande wa kijani, kazi imekwisha; hutalazimika kukata kitambaa kipya.

Kuhusu mawimbi, usiukate ukanda wa njano mshazari. Ukate kwa kufuata uzi ulionyooka wa kitambaa, kisha uulaze juu ya kingo za pembetatu, nao utazishika zisivutike. Ukiona bado unasumbua, tandika gazeti chini, shona vyote pamoja, halafu lichane gazeti taratibu.

Mwalimu wa Historia, Temeke:

Fundi amemaliza la upindo, nami nijibu la mshazari, ambalo haliwezi kueleweka bila kuziweka bendera mbili za zamani mbele yetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Hiyo ilikuwa na rangi zilizolala: kijani juu, kijani chini, ukanda mweusi katikati, na kati ya nyeusi na kijani ukapita mstari wa njano. Ilitokana na bendera ya chama cha TANU, yenye kijani, nyeusi na kijani. Ndiyo bendera ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha katika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru. Wanafunzi wangu wengi humchora akiwa ameshika bendera ya leo, ambayo wakati huo haikuwapo.

Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mwisho wa mwezi huohuo ilichukua bendera ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Sasa zilinganishe. Nyeusi na kijani zimo katika zote mbili. Tanganyika haikuwa na buluu, na Zanzibar haikuwa na njano. Muungano ulipofanyika Aprili 1964, na bendera mpya kupitishwa tarehe 30 Juni mwaka huo, hakuna upande uliopoteza hata rangi moja. Kwa maoni yangu, mshazari ndio uliowezesha hesabu hiyo kukaa vizuri: zingelazwa, mwenzi mmoja angeonekana kumkalia mwenzake kichwani, na bendera ingefanana mno na mojawapo ya zile za awali.

Maana rasmi kila mtu anazikumbuka tangu darasani: kijani ni ardhi na uoto wake, nyeusi ni watu, njano ni madini, na buluu ni Zanzibar.

Mzaliwa wa Malindi, sasa Upanga:

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo mwisho umechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba buluu iliingia kupitia Zanzibar, lakini maana iliyopewa katika bendera ya Muungano ni maji yote ya nchi: Bahari ya Hindi, maziwa na mito. Mvuvi wa Mwanza au wa Kigoma ana haki ya kuitazama buluu ile na kuiona ni yake. Anayetaka kuiona buluu ya Zanzibar yenyewe apande boti hadi Unguja, kwani tangu 2005 Zanzibar ina bendera yake ya buluu, nyeusi na kijani zilizolala, na kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti, imewekwa ile ya Muungano kwa udogo.

Mwalimu wa Historia, Temeke:

Marahaba, nimekubali marekebisho. Niliandika asili nikaiita maana.

Mshonaji wa Tabata:

Nawashukuru sana. Nimezitandaza zote sakafuni, na kweli upindo uko upande wa buluu katika bendera 11. Ile moja iliyo sahihi niliishona umeme ukiwa umekatika, na sikumbuki niliigeuzaje. Nimeshafumua nne. Mashimo ya sindano yanaonekana kidogo kwenye buluu, lakini nimeyasugua kwa ukucha na kuyapiga pasi ya mvuke, yamejifunga.

Fundi Mstaafu, Kariakoo:

Kabla ya kuzirudisha, tia fimbo katika kila moja, uitazame pande zote mbili. Kwa nyuma kila kitu huhamia mkono wa pili, na usishtuke. Angalia tu kwamba kijani bado kimegusa fimbo, na kiko juu.