Mrejesho: Kula kwenye mgahawa wa kifahari kwa bajeti finyu

Nilikuwa nimeomba ushauri wa namna ya kumpeleka mama yangu kula katika mgahawa wa hadhi ya juu ilhali fedha nilizonazo ni kidogo, na sasa naleta mrejesho kwa shukrani nyingi.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni ule wa kwenda mchana badala ya usiku, kwa kuwa migahawa mingi ya aina hiyo huwa na mlo wa mchana wenye bei moja iliyopangwa, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko ya chakula cha jioni. Niliisoma orodha ya vyakula mapema, kisha nikapiga simu kuuliza iwapo kodi na malipo ya huduma yamejumuishwa kwenye bei. Hayakuwa yamejumuishwa, hivyo nikayaongeza katika hesabu yangu kabla ya kutoka nyumbani.

Vinywaji ndivyo nilivyoviogopa zaidi, maana huko ndiko bili hupanda bila mtu kutambua. Mhudumu alipokuja na chupa mbili mkononi akiuliza tunapenda maji yapi, nilimwomba kwa upole maji ya kawaida yasiyolipiwa, naye akayaleta kwenye jagi la kioo bila kukunja uso. Kitindamlo tuliagiza kimoja na vijiko viwili. Mama alikikwangua taratibu hadi chembe ya mwisho, akanyamaza, kisha akanishika mkono.

Bili ilikuwa chini kidogo ya kiasi nilichotenga, na salio hilo nikamwachia mhudumu.