Naomba ushauri: miche ya kivumbasi inanyauka ikiwa midogo

Wakuu habari zenu, naombeni msaada wenu hasa mliozoea bustani za nyumbani. Nipo Chanika, nataka kivumbasi cha kudumu pembeni ya nyumba, majani ya kujifukizia mafua na kufukuza mbu jioni, maana sokoni siku hizi unauziwa kifungu kimeshachoka.

Nilichukua vichwa vilivyokauka kwa jirani nikavipukuchua, vile vimbegu ni vidogo balaa ukipumua vibaya vinapeperuka, nikavimwaga kwenye dumu la mafuta nililolikata, udongo na samadi nusu kwa nusu, juu nikafukia kidogo. Vimeota vichache tena kwa kusuasua, na vikishatoa majani mawili shina linakuwa jembamba pale chini usawa wa udongo linalala, asubuhi unakuta mche upo chini. Nimepunguza maji, nimenyunyizia majivu, bado.

Sasa wakuu, hizi mbegu zinafukiwa au zinaachwa juu tu zipate mwanga? Na hiyo kulala ni fangasi au samadi imezidi? Kama kuna mtu kaotesha kwa kukata tawi likashika naomba aniambie anakata tawi changa au lililokomaa.