Mbunifu ameiweka ® kwenye nembo yangu isiyosajiliwa, kisha ananiambia ni pambo tu

Ndugu wanajamvi,

Nimeletewa leo katoni mbili za lebo za bidhaa yangu, na kwenye kila lebo, juu upande wa kulia wa jina, kuna kiherufi R ndani ya duara ambacho sikukiagiza, sikukiona kwenye mchoro niliouidhinisha, na sina haki ya kukitumia, kwa sababu ombi langu la usajili bado liko kwa msajili. Nilipompigia simu mbunifu aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwamba kila mtu anaiweka na kwamba inaipa nembo mvuto. Mtu anayelipwa kutengeneza nembo anawezaje kusema hivyo?

Alama ile ni tamko la kisheria. Anayeiweka anauambia umma kwamba jina hilo limekwisha kuingizwa katika daftari la alama za biashara na kwamba lina mwenyewe. Kama halijaingizwa, huo ni uongo, na uongo huo umechapishwa kwa jina langu, si kwa jina lake.

Hata ilikotoka inaonyesha hivyo. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1905, mwenye alama iliyosajiliwa alitakiwa kuandika kwamba imesajiliwa katika Ofisi ya Hataza (haki za uvumbuzi) ya Marekani, kwa maneno kamili au kwa ufupisho wake, na maneno hayo yalikuwa mzigo kwenye kifuniko cha chupa au ukingo wa kitambaa. Sheria ya Lanham, yaani sheria ya alama za biashara ya Marekani iliyotiwa saini Julai 1946 na kuanza kutumika Julai 1947, ndiyo iliyoruhusu herufi R ndani ya duara isimame mahali pa sentensi ile. Kwa hiyo kila unapoiona, soma sentensi nzima. Na haikuwekwa bure: kwa sheria hiyohiyo, mwenye alama asiyetoa taarifa hiyo hawezi kudai faida wala fidia kwa mtu aliyemwiga, isipokuwa athibitishe kwamba mtu huyo alijua kweli kuwa alama imesajiliwa.

Nchi nyingi hazilazimishi kuiweka. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ule wa kimataifa wa kulinda hataza na alama za biashara, unasema wazi kwamba kutambuliwa kwa haki hakutegemei kuonyesha usajili kwenye bidhaa. Lakini kuiweka kwa uongo ni jambo jingine kabisa. Uingereza, kifungu cha 95 cha Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 1994 kinalifanya kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya faini, na Marekani mtu aliyeitumia kwa nia ya kudanganya anaweza kunyimwa usajili anaouomba. Mimi ndiye niliye na ombi mezani, na mimi ndiye nitakayeulizwa!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia halali ilikuwepo. Herufi TM (kifupi cha trademark, yaani alama ya biashara) hutumiwa na mtu anayedai jina ni alama yake hata kama hajalisajili, na katika nchi nyingi hakuna anayemzuia. Angeniuliza swali moja tu, kama jina limesajiliwa au la, ningemjibu bado, naye angeweka TM au asingeweka kitu. Badala yake alibonyeza Alt na 0174 kwenye kompyuta, ikatokea, akaendelea na kazi. Kompyuta haiulizi cheti. Ndiyo maana anayebonyeza anapaswa kuuliza. (Aliponiandikia baadaye aliiita alama ya hakimiliki, ambayo ni C ndani ya duara na ni haki tofauti kabisa, nikajua kwamba hakuwa anaelewa alichokichapisha.)

Nimemtaka achapishe lebo zote upya kwa gharama yake na anipe faili la nembo lisilo na kiherufi hicho. Hadi naandika uzi huu hajajibu, na katoni zote mbili nimezifunga tena kwa gundi ya karatasi ili lebo hata moja isibandikwe.