Mraba wa Zuhura na Zohali una haki gani ya kuvunja uchumba?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kuna kauli ya baadhi ya wasomaji wa chati za kuzaliwa (michoro ya mahali sayari zilipokuwa mtu alipozaliwa) ambayo imenikera kwa muda mrefu, na leo nataka tuijadili waziwazi. Binti analeta chati yake, msomaji anaona sayari za Zuhura na Zohali zimeachana kwa digrii 90, hukumu inatoka papo hapo: mapenzi yako ni ya machozi, utachelewa kuolewa au hutaolewa kabisa, na huyo mchumba uliye naye hakufai. Watu wanavunja uchumba kwa maneno hayo. Siulizi kama unajimu ni kweli au uongo. Nauliza hivi: kwa kanuni za unajimu wenyewe, pembe moja ina nguvu ya kubeba hukumu nzito namna hiyo? Mimi nasema haina, na anayeitoa anamdhulumu mwenzake.

Kwa asiye mwenyeji wa mambo haya, njia ya nyota 12 ni duara la digrii 360, kila nyota ina 30. Umbali kati ya sayari mbili kwenye duara hilo ndio tunaouita pembe. Zinazotumika zaidi ni tano: kukutana (0), 60, mraba (90), 120 na kukabiliana (180). Ptolemy, mwanazuoni wa nyota wa Alexandria, katika karne ya 2, aliziweka 60 na 120 upande wa mapatano, 90 na 180 upande wa mfarakano. Sababu aliyoitoa ni kwamba pembe za mapatano huunganisha nyota za jinsi moja, za kiume kwa za kiume au za kike kwa za kike, na za mfarakano huunganisha nyota za jinsi tofauti. Nyota hupokezana, ya kiume kisha ya kike, hivyo hesabu mwenyewe utaona sababu hiyo inafaa kwa mraba lakini inakwama kwenye 180, maana Punda na Mizani zinatazamana na zote ni za kiume. Nalitaja hili kwa kuwa wengi wanazichukulia tabia za pembe kana kwamba ziliteremshwa zikiwa kamili. Zilijengwa na watu, na watu wakaendelea kuzijenga. Mwanzoni mwa karne ya 17 mwanaanga Johannes Kepler aliongeza 72, 135 na 144.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa naomba tutulie. Hakuna anayedai pembe iwe kamili. Kila upande huruhusiwa digrii kadhaa za ziada, ndiyo wanayoiita orbi, na wengi leo huenda hadi digrii 8 kwa pembe kuu. Kwa hiyo mraba ni chochote kati ya 82 na 98, tena upande wa kulia na wa kushoto wa sayari. Jumlisha pembe zote tano kwa orbi hiyo, unapata digrii 128 kati ya 360. Maana yake sayari mbili zozote zina zaidi ya nafasi moja katika tatu ya kuonekana zimeshikana. Chati ina sayari 10 ukiweka Jua, Mwezi na Pluto, nazo zinatoa jozi 45. Zidisha, utapata wastani wa pembe 16 kwa kila binadamu. Ukibana orbi iwe 3, zinabaki 6. Ni makadirio, kwa sababu Zebaki na Zuhura hazitoki mbali na Jua, ila picha yenyewe haibadiliki sana.

Mwenye pembe 16 ana mapatano na mifarakano ya kutosha kuandikiwa maisha ya aina yoyote. Msomaji ndiye anayechagua ipi izungumze kwanza.

Na huo mraba wa Zuhura na Zohali? Kwa orbi ya 8 unakula digrii 32 kati ya 360, yaani karibu mtu 1 kati ya 11. Zuhura ikiwa inakwenda mbele husogea digrii moja na ushei kwa siku, Zohali hata haionekani kusogea, hivyo mraba wao mmoja hudumu wiki mbili hivi. Katika wiki mbili huzaliwa duniani watoto zaidi ya milioni 4. Wote hao ndoa imewapita?

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Chukua Mwezi katika digrii ya 28 ya Punda na Mirihi katika digrii ya 1 ya Simba. Kati yao kuna digrii 93. Anayesoma kwa digrii anasema ni mraba: hasira itakuponza, utagombana na wa karibu yako. Anayesoma kwa nyota kamili, yaani anayehesabu nyota hadi nyota bila kujali digrii, anasema Punda na Simba ni nyota za moto, zinapatana kwa 120: una ujasiri, na moyo wako unajua unakotaka kwenda. Ni chati ileile, ya mtu yuleyule, na wasomaji wote wawili wana mapokeo nyuma yao. Ukienda kwa Wahindi mambo yanageuka tena. Kwao kila sayari huitazama nyota ya 7 kutoka ilipo (ilipo ikihesabiwa ya 1), Mirihi ikaongezewa ya 4 na ya 8, Mshtarii ya 5 na ya 9, Zohali ya 3 na ya 10. Kwa hiyo binti ambaye Zuhura yake iko nyota ya 4 kutoka kwa Zohali, yaani katika mraba, kwa Wahindi Zohali haimtazami kabisa. Hukumu yake imefutika kwa kubadilisha tu mapokeo. Tunawezaje basi kumwambia avue pete?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nasoma chati za watu na nakushukuru kwa kuandika bila matusi. Lakini unawapiga wasomaji wa haraka, halafu unawaweka wote kwenye kapu moja. Hakuna mnajimu makini anayetoa hukumu kwa pembe moja. Naangalia kwanza sayari iko katika nyota gani, katika nyumba ipi (chati hugawanywa nyumba 12, kila moja ikisimamia upande wa maisha), na inatawala nyumba zipi. Naangalia kama pembe inakaribia kukamilika au imeshapita. Naangalia mtu kazaliwa mchana au usiku, kwa kuwa wazee wa fani walifundisha kwamba Zohali ya mchana ina adabu kuliko ya usiku. Mshtarii ikiutazama mraba huo kutoka digrii 120, makali yanapungua. Na mraba wenyewe si laana. Wengi wenye Zuhura na Zohali katika mraba ni waaminifu kupita kiasi. Wanachelewa kwa sababu hawataki kumchezea mtu.

Hilo la orbi nakubaliana nawe nusu. William Lilly, mnajimu wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1647, aliiweka orbi kwenye sayari na si kwenye pembe: Jua lina yake kubwa, Mwezi yake, sayari nyingine ndogo zaidi. Programu za simu za leo zimeacha hilo, zikaweka namba moja kwa wote. Lawama ziende huko.

Mchangiaji wa pili

Mnabishana juu ya upana wa dirisha la nyumba ambayo haipo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Wote walipewa maandishi yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu cha mitaani. Wastani wa alama walizoyapa kwa usahihi ulikuwa 4.26 kati ya 5. Mwaka 1985 mtafiti Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu walipewa chati na matokeo ya watu watatu ya kipimo cha tabia, wachague yapi ni ya mwenye chati. Wao wenyewe walitarajia kupata angalau nusu. Walipata theluthi moja hivi, sawa na kubahatisha. Mnataka nini zaidi?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, jaribio hilo limepingwa. Mwanasaikolojia Suitbert Ertel alizipitia upya hesabu zake mwaka 2009 akaona takwimu hazikusomwa ipasavyo. Pia kuna mtafiti Michel Gauquelin wa Ufaransa, aliyekuta Mirihi imekaa mahali maalumu wakati wa kuzaliwa kwa wanamichezo mashuhuri.

Mleta mada

Nijibu hapa kabla hatujapotea. Gauquelin alikuwa anaangalia Mirihi ilipo kulingana na upeo wa macho, kama ndiyo imechomoza au imefika juu. Hakuwa anapima pembe kati ya sayari na sayari, na matokeo yake yenyewe yamebishaniwa miaka mingi. Hayawezi kuutetea mraba wetu. Kuhusu Carlson na Ertel, wabishane. Hata ukimkubali Ertel kwa yote, hupati ruhusa ya kumwambia mtu aachane na mchumba wake.

Mchangiaji wa kwanza, naheshimu uangalifu wako, ila angalia ulichofanya. Nilileta mraba mmoja, ukaniongezea nyota, nyumba, utawala, mchana na usiku, na msaada wa Mshtarii. Kila kimoja kina uwezo wa kuigeuza hukumu. Akichelewa kuolewa, ni Zohali. Akiolewa mapema na kutulia, ni Mshtarii iliyolainisha. Akiolewa mapema na kuachika, Zohali imerudi. Niambie ni maisha gani ambayo mraba huo unayakataa. Kama hakuna, basi haujasema lolote kuhusu huyu binti, na hofu aliyoondoka nayo haina msingi hata ndani ya fani yako.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuongea kama mtu anayesomewa. Mimi nina Mwezi na Zohali katika mraba. Msomaji wangu hakuniambia kitakachotokea. Aliniuliza, "Ukiwa na huzuni, unamwambia nani?" Nilikaa kimya, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna. Siku ile nilimpigia dada yangu simu. Sijui kama ni sayari, na sihitaji kujua. Ninachokataa ni kuondolewa kitu kilichonifungua mdomo kwa sababu wengine wanakitumia kutishia watu.

Nina swali pia. Wote tuliozaliwa mwaka 1993 tuna Uranusi na Neptuni zimekutana. Kwa nini naambiwa hiyo ni siri ya nafsi yangu wakati darasa zima tulikuwa nayo?

Mleta mada

Dada, swali lako ni zito na jibu lake ni fupi: hiyo haikuhusu wewe peke yako. Sayari hizo mbili hukutana mara moja katika miaka 171 hivi, na zikikutana hukaa pamoja miaka kadhaa. Ni alama ya kizazi. Kinyume chake, ukiona ripoti inayosema Jua na Zebaki ziko katika mraba, itupe, kwa kuwa Zebaki haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 28. Zuhura nayo haifiki hata 48.

Na kuhusu msomaji wako, aliuliza, hakuhukumu. Hapo sina ugomvi naye.

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, nimekuelewa. Unataka nifanye nini?

Mleta mada

Nataka uandike kabla ya kumwona mtu. Weka orbi yako, iwe 3 au 8, usiibadilishe baadaye. Chagua digrii au nyota kamili. Kisha uletewe chati za watu wenye ndoa za muda mrefu zikiwa zimechanganywa na za walioachika, bila majina, uzitenge kwa kutumia Zuhura na Zohali peke yake.

Mchangiaji wa kwanza

Nitakubali kwa sharti moja: saa za kuzaliwa zitoke kwenye vyeti, si kwa kumbukumbu za mama. Nyota inayochomoza, yaani ile iliyo kwenye upeo wa mashariki mtu anapozaliwa, husogea digrii moja kila dakika 4.

Mleta mada

Kwa nyota inayochomoza uko sahihi kabisa. Ila mraba tunaoujadili hauhitaji saa. Zuhura ikikosewa saa 6 nzima, inasogea kama theluthi ya digrii. Tarehe inatosha, na tarehe watu wanazo. Tuanze na hizo.