Namba za boneti kwenye Willys MB zinavujia pembeni, naomba ushauri

BonetiKijani (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Nina Willys MB ya 1943, ile Jeep ya jeshi la Marekani ya Vita Kuu ya Pili, mwaka wa tatu huu naihangaikia. Bodi imekaa sawa, kijani cha jeshi kisichong'aa kimeshapakwa, yamebaki maandishi tu: namba za ubavuni mwa boneti, nyota, na alama za kikosi kwenye bampa. Nilidhani hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Jumamosi nilikata stensili kwa karatasi ya manila, nikaibana kwa tepu pembe nne, nikapuliza rangi nyeupe ya kopo. Kuibandua, 2 na 0 zimeota ndevu, na 8 matundu yake yameziba. Nikakimbilia kufuta kwa thina, thina ikala kijani cha chini. Sasa pana doa linalong'aa ukubwa wa kiganja. Imeniuma sana.

Nifanyeje nipate kingo safi? Na zile nafasi ndogo zinazokata herufi, nizijaze kwa brashi au niziache? Halafu namba yenyewe niliitoa kwenye picha ya gari jingine, sijui kama ni sahihi.

MsasaWaMaji

Pole mkuu. Tepu ya pembeni haitoshi. Katikati stensili inakuwa imeinuka kidogo, upepo wa kopo unaingia chini yake na kubeba rangi. Manila nayo inakunywa rangi, inalowa na kujikunja. Tumia karatasi ya plastiki ngumu, nyuma ipulizie gundi ile nyepesi inayobanduka, subiri ibaki inanata kidogo tu, kisha ibandike na upitishe kidole kila ukingo.

Kopo liweke pembeni. Tafuta brashi fupi ya nywele ngumu, iliyokatwa bapa. Chovya ncha tu, idonoe kwenye kipande cha boksi mpaka uone inaacha alama hafifu, kama imekauka vile, ndipo uende kwenye gari. Donoa wima, usipake kwa kuvuta, maana ukivuta tu rangi inasukumwa chini ya ukingo. Mkono wa kwanza utauona umefifia na utatamani kuongeza. Usiongeze. Acha ukauke, rudia mara mbili au tatu.

Na lile doa, rudishia kijani na ukiache kikomae vizuri kabla ya kugusa nyeupe. Thina kali juu ya rangi ya mafuta ambayo bado changa inaikunja kama ngozi ya maziwa.

Chesisi43

Ndugu, simama kwanza. Usipake namba ya gari la mtu! Boneti yako uliisugua mpaka bati?

BonetiKijani

Kulia ndiyo, palikuwa na kutu. Kushoto rangi ya zamani ilishika vizuri, nikasugua juu juu tu, nikapaka.

Chesisi43

Basi kuna uwezekano namba yako bado ipo hapo kushoto, chini ya kijani chako. Chukua msasa wa maji namba 1000, ndoo na kitambaa, usugue taratibu kwa mviringo, eneo la viganja viwili kwa wakati mmoja. Rangi za zamani huwa na risasi, kwa hiyo usisugue pakavu, na vaa barakoa. Kila tabaka likibadilika rangi, simama upige picha, kwa sababu ukishalipita halirudi.

Jeep za Marekani za aina hiyo namba yake huanza na 20, juu yake U.S.A. Ukiona W mbele ni gari la kipindi cha mwanzo. S mwishoni maana yake umeme wa gari ulizuiwa usiingiliane na redio. Na usitafute nyeupe peke yake: za mwanzo zilipakwa buluu iliyopooza ili zisionekane kwa mbali, na buluu hiyo juu ya kijani inakwepa jicho kabisa.

Kibao cha dashibodi kitakupa namba ya chesisi na tarehe ya kukabidhiwa. Namba ya boneti haimo.

Donoadonoa

Kuhusu zile nafasi, mimi naziacha. Tazama picha za wakati wa vita: magari mengi yanazo, hasa kwenye lile duara la kuzunguka nyota. Mengine askari alizijaza kwa brashi na mkono wake unaonekana. Vyote ni halali, ila uwe na picha ya kuigiza. Kinachonikera ni stika za kompyuta, kingo kali kama wembe na herufi ambazo jeshi halikuwahi kuwa nazo.

Bampa lina makundi manne ya alama. Ukisimama mbele ya gari unasoma kutoka kushoto: kwanza jeshi au divisheni (3A ni Jeshi la Tatu, 4-I ni Divisheni ya Nne ya Askari wa Miguu), kisha rejimenti, halafu upande wa pili kombania, mwisho namba ya gari ndani ya kombania. Ningekusihi usichague kikosi kwa sababu tu kina jina kubwa. Watu walikufa chini ya alama hizo.

BonetiKijani

Wakuu, nimesugua jioni nzima. Imetoka! Nyeupe, imekatika katika, lakini 20 ya mwanzo inasomeka, na nyingine zote isipokuwa ya mwisho. Sijui ni 3 au 8, upande wa kushoto umelika.

Donoadonoa

Zima taa, mulika tochi kwa ubavu, iwe sambamba na bati. Rangi iliyodonolewa huacha ukingo ulioinuka hata nyeupe yenyewe ikiisha. Halafu tafuta vishikio, vile vipande vya stensili vinavyoacha zile nafasi ndogo. Nane haikatwi bila vishikio, matundu yake mawili yangedondoka. Tatu upande wa kushoto iko wazi.

BonetiKijani

Nimemulika. Kushoto kuna ukingo mwembamba, unapanda, unakatika kama upana wa njiti ya kiberiti, unaendelea. Chini yake hivyo hivyo.

Ni nane. Kesho nakata plastiki.